Kutoka kwa Fundi wa Wilaya hadi kwa Mwangalizi wa Kisima: Historia ya Maelekezo ya Matengenezo ya Pampu za Mkono katika Kwale

Utangulizi

Historia ya maandishi ya pwani ya Afrika ya Mashariki imezoea kufuata tenzi, barua, habari za miji na vitabu vya dini. Ni nadra kwa mtafiti kuyatazama maandishi ya kazi, yaani karatasi inayomweleza mtu namna ya kukifungua chombo kilichoharibika, kuitambua kasoro yake na kukirudisha katika hali ya kufaa. Maandishi ya namna hiyo mara nyingi hayatajwi kwa jina la mtungaji, hayasomwi kwa starehe, na yakishatimiza wajibu wake husahauliwa. Hata hivyo ni lugha iliyo na wajibu mzito. Shairi likieleweka vibaya, hasara yake ni ya fahamu. Maelekezo ya kisima yakieleweka vibaya, kijiji hurudi kunywa maji ya dimbwi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mfano mmoja wa maandishi hayo: maelekezo ya kutunza na kutengeneza pampu za mkono katika Kwale, hasa sehemu za Diani na Msambweni, tangu mwaka 1983. Hoja itakayotetewa ni kwamba mafanikio ya maelekezo hayo hayakutokana na ufasaha wa mwandishi peke yake. Yalitokana na uamuzi wa kumbadilisha msomaji aliyekusudiwa, kisha kuibadilisha mashine yenyewe mpaka ikalingana na msomaji huyo. Aidha itaonyeshwa kwamba maelekezo hayo yalikwama pale yalipoacha kusema jambo moja, nalo ni wapi kifaa kipya kitapatikana na nani atakilipia.

Maji ya pwani ya kusini kabla ya pampu

Ukanda wa pwani kutoka Tiwi, kupitia Diani na Ukunda, hadi Gazi, Msambweni na Vanga umekaa juu ya miamba ya matumbawe na mchanga. Katika sehemu nyingi za ukanda huo maji ya chini ya ardhi hayako mbali sana, na kwa sababu hiyo wenyeji, walio wengi wao Wadigo, walichimba visima tangu zamani. Kisima cha kale kilikuwa shimo la wazi. Vifaa vyake vilikuwa ndoo, kamba na kata ya kifuu, na kasoro zake zote zilionekana kwa macho: kamba imekatika, ndoo imetoboka, ukingo umebomoka. Chombo kama hicho hakikuhitaji mwongozo. Mtoto alijifunza matengenezo yake kwa kumtazama mamaye.

Ila hatari yake haikuonekana. Maji ya mvua yaliteremka kisimani pamoja na uchafu wa juu ya ardhi, na kila ndoo iliyotumbukizwa ilipeleka chini kile ilichokiokota chini ya miguu ya watu. Kipindupindu na maradhi ya kuhara yalikuwa tishio la kudumu katika pwani. Kukifunika kisima na kuweka pampu juu yake ilikuwa njia iliyojulikana ya kupunguza tishio hilo. Lakini kisima kinapofunikwa, kasoro zake nazo hufunikwa. Mashine iko chini ya ardhi, na mtu aliye juu hana ila kuisikia na kuipima kwa mkono. Hapo ndipo haja ya maelekezo ilipozaliwa.

Mwongozo usiomfikia msomaji wake

Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilikuwa imejiwekea lengo la kuwafikishia wananchi wote maji ifikapo mwaka 2000, na Wizara ya Maendeleo ya Maji iliundwa mwaka 1974. Umoja wa Mataifa nao ukatangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa Muongo wa Kimataifa wa Maji ya Kunywa na Usafi. Pampu za mkono zilionekana kuwa chombo cha bei nafuu cha kutimizia malengo hayo, lakini habari zilizotoka nchi nyingi zilikuwa za kuvunja moyo. Pampu ziliwekwa kwa sherehe, zikatumika kwa muda mfupi, kisha zikasimama kimya.

Sababu mojawapo ilikuwa mpango wa matengenezo. Chukua mfano wa pampu ya India Mark II, iliyobuniwa nchini India katika miaka ya 1970 na ikasifiwa kwa uimara. Ili kuifikia pistoni yake iliyochakaa, ilibidi kuling'oa bomba zima la chuma la kupandishia maji, kipande baada ya kipande. Kazi hiyo ilihitaji vyombo maalumu, watu wenye mafunzo, na gari la kuwaleta. Kwa hiyo maelekezo yake ya matengenezo makubwa yaliandikwa kwa ajili ya mafundi wanaokaa mjini. Mwanamke aliyekuwa akiutumia mpini kila siku hakuwa miongoni mwa wasomaji waliofikiriwa. Yeye alikuwa na wajibu mmoja tu, kupeleka habari kwamba pampu imeharibika, kisha kungoja. Gari likikosa mafuta, au barabara ikikatika wakati wa masika, kungoja kukawa kwa majuma na miezi.

Yafaa kusisitiza kwamba hapakuwa na upungufu wa maandishi. Miongozo ilikuwapo, tena mirefu na yenye michoro ya kihandisi. Kilichokosekana ni mkutano kati ya mwongozo na mtu aliyesimama mbele ya kasoro.

Mashine iliyohaririwa

Mwaka 1981 Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa (UNDP) na Benki ya Dunia walianzisha mradi wa kuzipima pampu za mkono katika maabara na katika vijiji vya nchi mbalimbali. Pwani ya kusini ya Kenya ikawa mojawapo ya sehemu za majaribio, na kazi ikaanza mwaka 1983. Katikati ya muongo huo, kwa msaada wa serikali ya Sweden, mradi ulipanuliwa katika wilaya ya Kwale.

Kutokana na majaribio hayo likakua wazo la uendeshaji na matengenezo katika ngazi ya kijiji. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1987, iliyoandikwa na Saul Arlosoroff na wenzake, ililifafanua kwa masharti machache: pampu iweze kutengenezwa na mwanakijiji mwenye mafunzo kidogo na vyombo vichache, iweze kuundwa katika nchi inamotumika, ili vipuri vipatikane, iwe imara katika mazingira halisi ya matumizi, na gharama yake iwe ya haki.

Pampu ya Afridev ni tunda la masharti hayo. Asili yake ni kichwa cha pampu kilichoitwa Maldev, kilichobuniwa Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ustawishaji wake uliendelezwa Kenya, ambako visima vya Kwale vilikuwa uwanja wa kuijaribu. Badala ya bomba la chuma, linaloliwa na kutu, likawekwa bomba la plastiki. Bomba hilo ni pana kiasi cha kuruhusu pistoni na vali ya chini kupita ndani yake, kwa hiyo hubaki kisimani wakati wa matengenezo. Fito za chuma zinazoivuta pistoni ziliungwa kwa kulabu na vitanzi, zikaweza kuachanishwa kwa mikono mitupu. Beringi za chuma zikaacha nafasi kwa bushi za plastiki zinazobadilishwa bila kupigiliwa. Nati zinazofunguliwa zikafanywa za kipimo kimoja, ili spana moja itoshe. Vali ya chini huopolewa kwa chombo kinachofungwa kwenye ncha ya fito, na Kiswahili kina neno la kale linalokifaa chombo hicho, nalo ni kiopoo, kile ambacho watu wa pwani walikitumia kutoa ndoo iliyozama.

Mtafiti wa lugha akilitazama badiliko hilo ataona jambo linalomhusu. Kila badiliko la umbo lilifuta aya moja ya mwongozo. Bomba lilipobaki kisimani, aya ya winchi na minyororo ikaondoka. Fito zilipoungwa kwa kulabu, ikaondoka aya ya kukata hesi na kuzilainisha. Spana zilipokuwa moja, ikaondoka orodha ya vyombo. Kwa maneno mengine, wahandisi hawakutosheka kuyarahisisha maelezo ya mashine ngumu. Waliihariri mashine mpaka maelezo yake yakawa mafupi. Ndiyo maana si sahihi kuihesabu kazi hiyo kuwa ya uhandisi tu. Ilikuwa pia kazi ya utungaji, ila kalamu yake ilikuwa ya chuma na plastiki.

Lugha ya waangalizi

Shughuli za Kwale zilianza kama jaribio la kihandisi, lakini haikuchukua muda kudhihirika kwamba mashine peke yake haitadumu. Shirika la hiari la Kenya liitwalo KWAHO, linaloshughulikia maji kwa ajili ya afya, lilipewa kazi ya kukutana na wanavijiji. Kamati za visima ziliundwa, michango ikakusanywa, na waangalizi wa pampu wakafunzwa. Wengi wa waliofunzwa walikuwa wanawake, jambo lililoleta mjadala, kwani spana ilikuwa imehesabiwa kuwa chombo cha mwanamume. Hoja iliyoshinda ilikuwa nyepesi: anayejua kwanza kwamba pampu inaumwa ni yule anayeichota kila alfajiri.

Badiliko la msomaji lilidai badiliko la lugha. Lugha ya nyumbani ya wanawake hao ilikuwa Chidigo, ambamo maji ni *madzi* na kisima ni *chisima*. Kiswahili walikifahamu kwa wepesi, kwa kuwa lugha hizi mbili ni ndugu na zimeishi pamoja sokoni na msikitini. Lakini kukifahamu kwa kusikia si kukisoma. Wizara za serikali ziliandika kwa Kiingereza. Kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga iliyoanza mwaka 1979 ilikuwa bado changa. Na wako waliozijua herufi za Kiarabu kutoka chuoni kuliko za Kirumi. Mwongozo wa maneno mengi usingefika popote. Mafunzo yakategemea mkono, jicho na picha, na neno likawa msaidizi.

Hata neno hilo saidizi lilikuwa na mitego yake. Mfano bora ni *bomba*, neno lililoingia Kiswahili kutoka Kireno. Katika matumizi ya kawaida bomba ni pampu. Ni mfereji wa nyumbani. Ni mrija wa kupitishia maji. Na hospitalini ni chombo cha kupigia sindano. Sentensi "bomba linavuja" yaweza kumpeleka fundi juu ya kisima, au mita kadhaa chini yake. Katika mazungumzo kosa hilo husahihishwa kwa kidole. Katika maandishi hakuna kidole. Mwandishi wa maelekezo hana budi kuchagua, aiite mashine nzima *pampu* na kuliacha *bomba* kwa mrija, kisha asiuvunje uamuzi huo hata mara moja. Kwa upande mwingine maneno *spana*, *nati*, *bolti*, *vali*, *washa* na *bushi* hayakuhitaji kamati ya kuyasanifu. Yalikuwa yamekwisha kusanifishwa na karakana za magari na baiskeli. Ingekuwa kazi bure kuyatafutia badala yake maneno ambayo hakuna duka la Ukunda lingeyatambua.

Dalili, sababu na tiba

Msemo wa kawaida wa mtu wa pwani kwa mashine iliyosimama ni mmoja: "imekufa". Neno hilo lina ukweli wa kimaisha, lakini halina manufaa kwa fundi, kwa kuwa linazifunika kasoro zote kwa sanda moja. Kazi ya kwanza ya maelekezo ya matengenezo ni kulivunja neno hilo vipande vipande, mpaka kila kipande kiwe dalili inayoweza kuonekana au kusikika.

Katika pampu ya Afridev dalili hizo si nyingi. Mpini ukiwa mwepesi ghafla na maji hayatoki kabisa, huenda fito zimeachana. Maji yakitoka lakini kidogo kuliko desturi, mpira wa pistoni umechakaa. Maji yakichelewa kutoka kila asubuhi, kisha yakaja vizuri, yamekuwa yakishuka usiku kupitia vali ya chini au kiungo cha bomba. Mpini ukitikisika upande na kugonga, bushi zimekwisha. Ipo pia dalili isiyo ya mashine: maji yakikatika baada ya kuchotwa sana wakati wa kiangazi, kisha yakarudi baada ya kupumzishwa, kilichopungua ni maji ya kisima chenyewe, na kufungua pampu hakutasaidia neno.

Ubora wa mpangilio huu ni kwamba unaanza pale anaposimama msomaji. Miongozo ya kihandisi ya zamani ilianza na sehemu za mashine, moja baada ya nyingine, kana kwamba msomaji ana mashine nzima iliyofunguliwa mezani. Mwangalizi wa Msambweni hana meza, na hataki kujua kila kitu kuhusu vali. Anachokijua ni kwamba leo maji yamechelewa. Maelekezo yanayostahili jina lake huanza na neno hilo, "yamechelewa", na kumwongoza hatua kwa hatua hadi kwenye spana. Hata kipimo cha kuvuja kilitungwa kwa vyombo alivyo navyo: pampu itumike hadi maji yatoke, iachwe itulie kwa muda, kisha ihesabiwe mipigo ya mpini kabla maji hayajarudi. Mipigo ikiwa mingi, maji yamekuwa yakivuja chini. Hapana dira wala mizani, kuhesabu kunatosha.

Maelekezo hayo pia yaliagiza kwamba mipira na bushi zibadilishwe kwa wakati uliopangwa, kabla hazijashindwa. Ni funzo ambalo wahenga walikwisha litia katika methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo ndilo agizo gumu kuliko yote kutekelezwa, kwani linamtaka mtu alipie tiba ya mashine ambayo bado ni nzima.

Toleo la mwongozo na toleo la mashine

Mwongozo ni kama nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili mmoja. Mwili ukibadilika, nguo hubana. Vipimo rasmi vya Afridev, vilivyochapishwa na shirika la SKAT la Uswisi na mtandao wa wataalamu wa pampu za mkono, vilirekebishwa mara kadhaa; marekebisho ya tano ni ya mwaka 2007. Pampu zilizokuwa zimesimama tayari hazikung'olewa kila karatasi ilipotolewa. Hivyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na mashine ya toleo la kale, na kijirani chake toleo jipya, zote zikiitwa kwa jina moja. Mwongozo usiotaja unazungumzia toleo gani humpeleka mwangalizi dukani kununua mpira usioingia.

Tatizo hilo si la pampu peke yake. Wandishi wa maelezo ya ufundi katika nchi za viwanda walilikabili walipoanza kuandikia kompyuta. Katika miaka ya 1990 zilitokea programu maalumu za kutungia kurasa za msaada, kama vile RoboHelp, iliyotolewa mwaka 1992. Humo matini moja huhifadhiwa mahali pamoja, na sehemu zake hufichwa au kuonyeshwa kwa kadiri ya msomaji na toleo la chombo. Lakini humo nako, jina la ukurasa likibadilishwa bila kurekebisha viungo vyake, msomaji hubonyeza akitaka msaada na kufunguliwa mlango usio na chumba. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, suala la uthabiti wa istilahi lilidhihirika tena. Neno lililo juu ya kitufe halina budi kuwa ndilo lile lililo katika maelezo, herufi kwa herufi. Baina ya kitufe hicho na *bomba* la Msambweni hakuna tofauti ya kanuni. Chombo cha kuandikia hakimwondolei mwandishi wajibu wa kuamua jina na kulishika.

Ukurasa uliokosekana

Pamoja na sifa zote zilizotajwa, visima vingi vya Kwale vilikuja kusimama baada ya wafadhili kuondoka. Haikuwa kwa sababu waangalizi walisahau jinsi ya kufungua pampu. Wengine walizeeka, wengine waliolewa mbali, na kamati zilizowafundisha vijana ni chache. Zaidi ya hayo, mradi ulipokuwapo vipuri vilitoka kwa mradi. Ulipokwisha, vikawa bidhaa ya kutafutwa mbali, na muuzaji hana haja ya kuweka akiba ya mpira unaonunuliwa mara moja kwa mwaka. Michango nayo ilipungua pampu ilipokuwa nzima, na ilipovunjika fedha zikakosekana. Maelekezo yalikuwa yameeleza vyema namna ya kubadilisha mpira. Hayakueleza mpira utatoka wapi mwaka wa ishirini.

Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenzao wa Kenya, walirudi katika visima hivyo. Walifunga katika mipini vyombo vidogo vinavyohesabu mwendo wake na kupeleka habari kwa mawimbi ya simu, kisha ikaanzishwa huduma ya FundiFix, ambayo kijiji huilipa ada ili mafundi wafike upesi pampu inaposimama. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mwendo umezunguka na kurudi karibu na ulipoanzia: fundi anatoka nje ya kijiji tena. Tofauti ni kwamba habari hazingoji mjumbe, vipuri viko mkononi mwa fundi, na mashine bado ni ile iliyohaririwa, inayofunguka kwa spana moja. Jina la huduma yenyewe limeunganisha neno *fundi* na neno la Kiingereza la kutengeneza, na watu hawakuhitaji kufasiriwa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maelekezo ya matengenezo ya pampu za Kwale yalipitia hatua tatu. Kwanza yalikuwa maandishi ya mtaalamu kwa mtaalamu, na mwenye kiu akabaki nje. Kisha yaliingizwa katika umbo la mashine na katika mikono ya wanawake waliofunzwa, yakawa mafupi na yenye nguvu. Mwishowe yalibainika kuwa na pengo, kwa kuwa ujuzi usio na kipuri wala mfuko wa fedha hautoi maji.

Kwa idara zinazofundisha Kiswahili funzo lake ni hili. Istilahi za ufundi hazitoshi kukusanywa katika kamusi na kupangwa kwa alfabeti. Hazina budi kupimwa mbele ya kasoro halisi, na msomaji halisi aliye na haraka. Swali la kuulizwa si kama neno ni fasaha tu, bali kama mtu aliyelisoma ameweza kuifungua nati iliyokusudiwa. Diani na Msambweni bado vipo visima ambavyo jibu la swali hilo husikika kila alfajiri: ama kwa maji yanayoingia ndooni, ama kwa mpini unaogonga mtupu.